Radhi ya Baba ku Simu

POSTA: Naviundu? Kwa mama Mujinga wa duka? Kinshasa anawaomba. Haya, museme.

ALIMASI: Allô! Allô! Ni nani iko hapo?

AMIDA: Ni miye, Amida. Usipige makelele, nakusikia.

ALIMASI: Yaya! Dada mukubwa, salaam aleikum.

AMIDA: Aleikum salaam, mudogo yangu. Mama Mujinga alituachia simu, iko anauza kule mbele. Uko muzima?

ALIMASI: Muzima, mais dakika ni kidogo. Ulimuambia baba?

AMIDA: Nilimuambia.

ALIMASI: Na?

AMIDA: Unajua vile iko. Tangu Aruna, rafiki yake, alimuambia ku musikiti asema mutoto yako iko anasoma banque, kazi ya riba, baba hataji hata jina yako.

ALIMASI: Njo maana nakuuliza! Ndege ni kesho, yaya. Bruxelles, mwaka muzima mu banque mukubwa, tulichaguliwa bawili tu mu promotion yetu, banafunzi bote ba mwaka wetu. Siwezi kupanda bila radhi yake. Kama kintu kinanipata kule—

AMIDA: Usiseme vile.

ALIMASI: Nani kwetu alishaenda mbali bila radhi? Babu alipotoka Kasongo, baba yake alimushika kichwa kwanza, akamuombea. Ulimubembeleza muzuri?

AMIDA: Ngoja. Nielezee miye kwanza. Unasoma nini kule? Sema muzuri, polepole.

ALIMASI: Sasa? Ku simu?

AMIDA: Sasa, Alimasi.

ALIMASI: (anapumua) Bon. Finance internationale. Shaba yetu inatoka hapo, inaenda Ulaya. Mwenye kununua hajaona mwenye kuuza, ni vile? Huyu anaogopa kutuma mali, ule anaogopa kutuma feza. Banque inaingia katikati, inatoa neno yake: tuma, utalipwa. Bantu banaamini ile neno, na treni inatoka. Njo kazi yenye nataka.

AMIDA: Na riba?

ALIMASI: Riba iko, siwezi kukana. Inanisumbua hata miye. Mais napenda ile ya neno.

AMIDA: (haraka) Ile ni muzuri! Baki papo hapo, usiongeze—

ALIMASI: Allô? Unakatika!

AMIDA: Nasema ni muzuri! Usiongeze kintu!

ALIMASI: Ah, kwa muzee ile ni murefu sana. Sikia: muambie niliacha banque.

AMIDA: Alimasi—

ALIMASI: Muambie naenda kusomea ualimu. Balimu anabapenda.

AMIDA: Chunga kinywa! Kuko bantu huku!

ALIMASI: Ba-clients ba mama Mujinga bananijua wapi? Radhi ikishatoka, imetoka. Atajulia wapi? Ni mushonaji, anajua vifungo na sindano tu—

AMIDA: Nyamaza! Nakuomba, nyamaza!

(laini inakwaruza)

ALIMASI: Yaya? ... Nani anakohoa?

KASIMU: Ni miye.

ALIMASI: ... Baba.

KASIMU: Hii simu iko na kisikilizio cha pili, kule nyuma. Niko nacho ku sikio tangu mwanzo. Nilimukataza dada yako kusema. Nilitaka nisikie sauti yako kwanza.

ALIMASI: Baba, samahani, nilikuwa—

KASIMU: Ile ya neno niliipenda. Moyo ulitulia kabisa. Nilisema, huyu mutoto anajua kile anafanya, mambo ya riba ataelewana na Mungu wake. Radhi ilikuwa hapa, ku ulimi.

ALIMASI: Nipe, baba! Nilikosa. Nilikuwa na woga tu!

KASIMU: Vifungo na sindano, Alimasi. Umeniumiza.

ALIMASI: Baba—

KASIMU: Ndege panda, sikukatazi. Lakini radhi, kuja kuichukua huku, tukiangaliana macho.

ALIMASI: Ndege ni kesho asubui! Nikija kwanza, nafasi banamupa mwingine!

KASIMU: Basi.

ALIMASI: Baba! Baba, usi—

AMIDA: Alishatoka.

ALIMASI: Mukimbilie! Yaya, tafazali!

AMIDA: Nimukimbilie nimuambie nini? Nilikuambia unyamaze!

POSTA: Kinshasa, muda unaisha.

ALIMASI: Mademoiselle, utuongezee kidogo!

POSTA: Kuko bantu banangojea, citoyen.

AMIDA: Alimasi, unanisikia? Alivaa kanzu ya Idi. Toka nyumbani mpaka hapa ku duka, mbele ya bantu bote. Nilimuuliza, baba, kwa simu tu? Akasema, ni mutoto yangu naenda kuona—

ALIMASI: Yaya. Muambie nakuja.

AMIDA: Nini? Sisikii! Alimasi, unasema—

ALIMASI: Nakuja! Muambie sipandi, nakuja kwanza nyumbani! Yaya? Yaya!

POSTA: Naviundu ilishakatika, citoyen. Utoke mu cabine ya simu.