Bibi Arusi wa Uvira Hakulazimishwa

Mgeni rasmi, Mama Solange Kervadec, mwongozaji filamu kutoka Ufaransa, mchungaji wetu, ndugu wote mliofika:

MAKARIBISHO
Karibu Weston, mtaa wetu huku Toronto, Mama. Sisi watu wa Uvira, Kongo, tumefurahi hadi tumesahau baridi. Kuandika risala tulijifunza katika kambi ya wakimbizi Kigoma, kwa hiyo tuvumilie, vichwa vyake vyote vimo. Mezani sombe ya majani ya muhogo na ndagala, dagaa wa kwetu, vinakungoja.

HISTORIA YA MGENI
Tumekuulizia. Wewe ni mtoto wa mchoma mikate wa Brest. Ulianza kwa kubeba nyaya za taa kwenye filamu za wengine. Wakakuambia kamera si ya mwanamke, nawe ukaishika hivyo hivyo. Leo tuzo zako hazienei kabatini, na wiki hii Toronto inaonyesha filamu zako zote. Hongera sana.

MAFANIKIO
Mojawapo uliipiga kwetu Uvira, miaka ya tisini. Soko letu limo, marehemu wetu wamo wakitembea. Vita vilitupotezea picha zote, na filamu yako ndiyo albamu yetu. Asante kwa moyo wote.

CHANGAMOTO
Ni moja tu. Filamu inaishia kwa bibi arusi aliyeinamisha kichwa, uso ameukunja, fidla inalia, kisha giza. Ulaya walitoa machozi: maskini, ameozwa kwa nguvu.

Bibi arusi huyo ni Donatienne, yule pale mwenye kitenge cha njano. Bwana arusi ni Eustache, ubavuni mwake kama kawaida. Mama, kwetu bibi arusi hacheki. Akicheka, majirani watasema amemchoka mama yake. Siku ile Donatienne alikuwa anajikaza asicheke, maana Eustache alivaa viatu vya kuazima, vikimtoka miguuni kila hatua. Alipoingia kwa wakwe alicheka mpaka akakaa chini. Wewe ulikuwa umeshazima kamera na kuondoka, kwa huruma.

Tulilifanya utani miaka yote, mpaka binti yao Nicole alipoonyeshwa filamu hiyo chuoni. Akarudi na kuuliza, "Baba, ulimlazimisha Mama?" Eustache hakula siku ile. Donatienne akasema, "Mwanangu, mimi ndiye niliyemharakisha." Nicole hakusadiki. Kumwona mume wake mwema akitiliwa shaka na mtoto wake mwenyewe kulimuuma sana Donatienne.

MAOMBI
Hatuombi basi wala jengo. Nicole anaolewa Jumamosi, na mama yake anamfundisha kukunja uso. Juzi, mbele ya kioo, Nicole alishindwa, akaangua kicheko. Kisha akamwelewa mama yake, akaenda kumkumbatia baba yake. Hapo nyumbani yamekwisha. Wamebaki wale wengine wote walioiona filamu.

Tunaomba uje na kamera. Mfuate bibi arusi mpaka ndani kwa wakwe, na usizime mpaka acheke. Cheko la Donatienne ulilolikosa utalikuta humo humo. Kipande hicho ukiunge mwisho wa filamu ya Uvira.

Mungu akutunzie macho yako na mikono yako. Na Eustache anaomba tuongeze: safari hii viatu ni vyake.

Ni sisi,
Umoja wa Wana-Uvira wa Weston
Imesomwa na Médiatrice, katibu