Maharage ya Mkwe

MAMA MKWE: Haloo? Nani mwenzangu?

FUNDI: Shikamoo, Mama. Ni mimi, mkweo.

MAMA MKWE: Marahaba, fundi wangu. Namba ngeni hii, nikadhani ni wale matapeli.

FUNDI: Simu yangu imeisha chaji. Hii ni ya mwenzangu hapa tunaposhonea, na salio lenyewe la kuungaunga.

MAMA MKWE: Ndiyo maana nasikia vyerehani. Hata msimu huu hampumziki?

FUNDI: Tupumzike wapi? Kila mtu anataka nguo yake kabla sikukuu hazijaisha. Mama, nimepiga kwa ajili ya yale maharage ya juzi.

MAMA MKWE: Yalikuwa na nini?

FUNDI: Mwanao hana wimbo mwingine. Anataka nimpikie kama yale. Nimejaribu, hayaji. Nipe siri yake basi.

MAMA MKWE: Siri gani tena? Kitunguu, nyanya, tangawizi—

FUNDI: Niliweka.

MAMA MKWE: Karoti ya kukwaruza—

FUNDI: Niliweka, Mama.

MAMA MKWE: Basi ni moto. Gesi ina haraka, mimi natumia mkaa. [Mkwaruzo] Unakatakata, mtandao huu—

FUNDI: Mimi nakusikia vizuri tu.

MAMA MKWE: Ehee.

FUNDI: Jumapili umetuita tena. Nataka kujua kitu kimoja. Nije na hotipoti yangu ya chakula, au niiache?

MAMA MKWE: Hotipoti? Kwangu? Ujifungulie chakula chako mezani, mawifi zako wanakutazama? Watanionaje mimi?

FUNDI: Ndiyo maana nauliza.

[Vyerehani vinalia.]

MAMA MKWE: Mwanangu.

FUNDI: Naam, Mama.

MAMA MKWE: Niliweka mfupa.

FUNDI: Ehee.

MAMA MKWE: Mmoja tu, wa supu. Nikautoa kabla hamjafika, nikasema hakuna atakaye—

FUNDI: Najua.

MAMA MKWE: Unajua?

FUNDI: Kulibaki kipande. Kidogo, kama kifungo cha shati. Nilikitoa mdomoni nikakifunga kwenye leso.

MAMA MKWE: Pale pale mezani?

FUNDI: Pale pale. Baba alikuwa anakusifu kwa wageni, kwamba siku hizi mkewe anapika bila nyama na watu wanalamba vidole. Na wewe ulikuwa umefurahi, Mama. Sijawahi kukuona umefurahi vile.

MAMA MKWE: Usinikumbushe. Halafu nikakuongeza.

FUNDI: Ukaniongeza.

MAMA MKWE: Na ukala.

FUNDI: Ulikuwa umenisimamia na upawa mkononi, ningefanyaje?

MAMA MKWE: Uso wangu niupeleke wapi mimi. Sikukusudia ubaya, mwanangu. Niliyaonja nikaona yamepooza, haya zikanishika. Wenzako wote wana nyama kwenye sahani, wewe nikutengee maharage matupu siku ya sikukuu, kama mtu aliyekuja kuomba?

FUNDI: Hayo matupu ndiyo niliyokuwa nayatamani tangu asubuhi.

MAMA MKWE: Na hata sijawahi kukuuliza kwa nini huli nyama. Miaka yote hii. Nilikuwa nasema tu unaringa.

FUNDI: Nilikuwa nasikia.

MAMA MKWE: Ulikuwa unasikia?

FUNDI: Jiko lako halina mlango, Mama.

[Mkwaruzo mrefu.]

MAMA MKWE: Haloo? Fundi? ... Imekata. [Anashusha pumzi] Nisamehe, mwanangu. Mtu mzima hovyo mimi.

FUNDI: Sijakata, Mama.

MAMA MKWE: Na hilo umelisikia?

FUNDI: Nimelisikia. Asante. Sasa salio linaisha, na mwenye simu ananitolea macho. Hotipoti vipi?

MAMA MKWE: Iache. Njoo na sufuria.

FUNDI: Sufuria?

MAMA MKWE: Zangu zote zimepikiwa nyama. Njoo nayo asubuhi, upike wewe. Mimi nitakatakata vitunguu na kukaa kimya. Hapo ndipo utanieleza hilo la nyama, kama utapenda.

FUNDI: Nibebe kubwa au ndogo?

MAMA MKWE: Kubwa. Siku hiyo na mimi nakula chako.

FUNDI: Na Baba? Alishawatangazia wageni—

MAMA MKWE: Wageni ni wale wale. Nitawaambia mwenyewe habari ya mfupa.

FUNDI: Mama, si lazima. Yameisha hayo, tukiyajua sisi wawili—

MAMA MKWE: Sifa nilizipokea mbele yao. Kama ni haya, acha nizione. Ila upawa siku hiyo utaushika we—

FUNDI: Haloo? ... Mama?