Kompyuta Isisafishwe Kwanza

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, binti mpiga picha za harusi alikuwa ameipakata kompyuta yake. Kirusi kimezifunga picha zote za bibi harusi, na programu ya kuzuia virusi ameinunua juzi tu. "Muuzaji kasema nimpelekee dukani kwake aisafishe bure," alimwambia mama fundi cherehani aliyeketi naye.

"Bure? Akishasafisha, mwanangu, utaonyesha nini? Mimi cherehani yangu mbovu niliipeleka ofisi ya kutetea wanunuzi na uzi wake umekwama vilevile. Wakamwita muuzaji, nikapewa nyingine."

Ofisi hiyo naijua. Marehemu mke wangu alizeekea kwenye benchi lao, wakubwa wakinywa chai. Nikaguna.

"Na picha zangu, mama?"

"Wabane hao wa ofisini, muuzaji amlipe fundi wa kuzirudisha. Ila kompyuta asiiguse mtu kwanza."

Basi likasimama. Kondakta akaita, "Wa dukani mshuke." Binti hakuinuka. "Mimi nashuka mbele, ofisini."

Maneno yakanitoka. "Binti, ingia mlango wa pembeni. Ule wa mbele wanakuketisha tu."