Nani Alimpa Subira Jina Lake

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka karani wa shule aliyefariki Jumanne, akiwa na miaka arobaini na mmoja. Jina lake Subira. Narudia, Subira. Huyu si mgeni kwangu. Ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Kwa hiyo mnivumilie.

Mliopeleka watoto pale shuleni mnamfahamu. Meza yake ilikuwa karibu na mlango. Daftari la wanafunzi alilikandamiza kwa mkono wa kushoto, ule usionyanyuka, akaandika kwa wa kulia. Na hukutoka mbele yake kabla hajauliza, "Jina hili alimpa nani? Na kwa nini?" Watoto walimwita Mama Majina. Baba mmoja alijibu hajui, mkewe ndiye aliyechagua. Subira akamrudisha nyumbani akaulize. Foleni nzima ilicheka, lakini baba wa watu alikwenda.

Sasa lake alimpa nani?

Nimewahi kulieleza hapa hapa, kwenye maikrofoni hii. Nilisema wazazi wake walisubiri mtoto miaka tisa. Miaka tisa ni kweli. Ila jina halikutoka huko. Niliwadanganya ninyi, na yeye nilimdanganya kwanza.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi redio, nikiishi kwa dada. Shemeji alikuwa safarini. Dada alikuwa fundi cherehani, na kati ya chumba chake na changu kulikuwa na ukuta wa mbao tu. Saa nne asubuhi akaugonga.

"Mdogo wangu, kamwite mkunga. Uchungu umeanza."

Mkunga alikaa mtaa wa tatu. Mtaa wa tatu tu, wasikilizaji. Nami nilikuwa nimeshika chuma cha kulehemu, redio ya mteja iko wazi mezani, nimebakiza waya mmoja.

"Subira, dada," nikajibu.

Akagonga tena. "Hujaondoka?"

"Subira kidogo, namalizia."

Waya ukashika, redio ikaongea. Mwajua fundi akisikia redio iliyokufa inaongea, kichwa kinavimba. Nikakaa kuisikiliza. Aligonga mara ya tatu, nikasema lile lile. Nilipotoka ilikuwa saa sita kasoro.

Mkunga alikuta bega la mtoto limekwama. Alimwokoa mtoto, mkono haukupona. Alipokuwa ananawa uani akaniambia, "Ungeniita saa moja kabla." Akarudi ndani.

Dada alipoulizwa jina la mtoto, alinitazama mimi. "Subira," akasema. "Ndilo neno alilosikia tangu asubuhi."

Basi kila mwaka, siku yake ya kuzaliwa, Subira alinipigia simu. "Shikamoo mjomba. Hebu niambie tena, jina langu lilitoka wapi?" Nami naanza na miaka yangu tisa, naipamba, naikoleza. Akinisikiliza hadi mwisho anasema, "Haya, mjomba. Asante." Nilidhani anapenda hadithi.

Juzi, baada ya mazishi, nilimfuata dada jikoni. Alikuwa anakausha vikombe vya wageni. Nikamwambia nimechoka kulibeba hili, naona aibu, nataka kulisema redioni.

"Sema," akaniambia. "Lakini mwenzio alijua. Nilimwambia akiwa na miaka kumi na miwili, aliponiuliza habari za ule mkono. Akaniomba nisikwambie. Alisema, mjomba atasema mwenyewe."

Alijua tangu ana miaka kumi na miwili. Ametutoka akiwa na arobaini na mmoja. Kila mwaka alinipigia, na kila mwaka nilimjibu uongo.

Pole sana dada. Pole shemeji. Poleni walimu, na ninyi watoto mlioandikwa majina kwa mkono wake. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu anayekuuliza swali lile lile kila mara, usidhani amesahau ulichomjibu. Mpigie leo umwambie ukweli.

Subira, mwanangu. Jina lako nilikupa mimi, nikiwa upande wa pili wa ukuta, nikimalizia waya mmoja. Nisamehe. Nimechelewa tena.