Dawa ya Goti la Mokeira

Pale Manga, nje ya banda la kupimia majani chai, kuna benchi ambalo wanaume hulikalia tangu saa nane wakingoja lori, na lori likifika hukasirika kana kwamba limewakatiza kazi. Kwamboka huwauzia kahawa. Upuuzi wao huusikiliza bure. Siku hiyo alikuwa na lake la kusikiliza. Mwanawe Machogu alikuwa ametoka hospitali na karatasi. Kansa ya mfupa iliyoshika goti la bintiye Mokeira, wa miaka kumi na tano, ilikuwa imerudi baada ya upasuaji. Sasa daktari alitaka kujaribu dawa ya kingamwili, dawa ambayo bado inafanyiwa utafiti, na baba alitakiwa kutia sahihi kesho.

— Hiyo kingamwili ni kidonge ama sindano? aliuliza Nyakundi, aitwaye Daktari wa Ng'ombe kwa kuwa aliwahi kumshikia kamba daktari wa mifugo.

— Ni ya kudondoka kwa mshipa, Machogu akasema. Ati kansa inajificha, askari wa mwili wanapita wakidhani ni jirani. Hii dawa inaenda kuigandia, ndio wajue wa kushika.

— Kama kupaka ng'ombe rangi akishachanjwa! Hiyo kazi naijua. Ningeweza kumtibu mimi.

— Na inatoka wapi? akauliza Obwocha, aitwaye Redio kwa kuwa hana pa kuzimia.

— Mwanzo hizo kingamwili walizitoa kwa panya. Halafu wakazitengeneza zifanane na za watu.

Redio akaweka kikombe chini.

— Panya? Si wahenga walionya, panya wengi hawachimbi shimo? Mwambie daktari aweke kidogo tu.

— Na mtoto akianza kukimbia paka? akauliza Daktari wa Ng'ombe.

— Ama aanze kutafuna mahindi ya watu! akadakia Redio.

— Mahindi ya watu unatafuna wewe, Kwamboka akasema, na hujadungwa kitu.

— Mama, mwache huyo, akasema Daktari wa Ng'ombe. Sisi Wagusii tulikuwa tunafungua fuvu la mtu kwa kisu, akiwa macho, jioni anakunywa uji. Goti ni nini mbele ya fuvu? Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Machogu akacheka. Miezi mingi Kwamboka hakuwa amekisikia kicheko hicho, na ndiyo maana hakuwafukuza wajinga wale. Akawaongezea kahawa.

Hapo Mokeira akatokea njiani kwa magongo yake, pole pole. Benchi likamsogezea nafasi.

— Mnaongea juu ya dawa yangu?

— Ndiyo, mjukuu wangu, akasema Redio. Tumeielewa yote.

— Inauma?

Machogu akasoma karatasi mbele, akaigeuza nyuma. Huko hospitali aliuliza habari za askari na za panya, hilo hakuliuliza. Kwa Wagusii kuna chinsoni, ile haya kati ya mzazi na mtoto: baba hamwulizi binti habari za mwili wake. Mwaka mzima Machogu alikuwa ameuguza goti ambalo hajawahi kulitaja mbele ya mwenye goti. Nyanya hana mpaka huo. Kwamboka akamketisha mjukuu, akauinua ule mguu mbovu na kuuweka mapajani mwake, wanaume wakitazama.

— Sijui. Na hawa hawajui, hata kama wamesema tangu saa nane.

— Na ikiuma sana, magokoro? Mokeira akamwuliza nyanya yake.

— Utalia. Mimi nitakuwa kwa kiti hapo kando, na ukinichosha nitakwambia. Lakini kesho, kabla ya sahihi, utamwuliza daktari hivyo hivyo, kwa mdomo wako. Akidanganya, nitamjua.

Machogu akakunja karatasi, macho yake yakiwa mbali kwenye mashamba ya chai.

— Mama, mwambie na mimi nitakuwa hapo mlangoni.

— Mwambie mwenyewe. Kwani amehama?

Machogu akaimaliza kahawa yake. Kisha akamgeukia binti.

— Mokeira. Hilo goti... linauma sasa?

— Kidogo, baba.