Alama Mbili za Bwanaheri

Tangu basi lilipopita Kerege, Bwanaheri alikuwa akitafuta mtu wa kumsimulia habari ya alama zake, na Jasmin, binti wa chuo aliyekaa ubavuni pake, alishafanya kosa la kumwamkia.

"Shuleni wamempa Ashatu wangu dodoso la kupima anavyoshikamana na wazazi," akamwambia. "Mimi baba yake nimepata mbili kati ya kumi!"

Jasmin akampa pole.

"Pole ya nini? Wamemuuliza kama hunieleza siri zake, akasema hapana. Kama akilia huja kwangu, hapana. Mambo hayo ana shangazi yake wa kumwambia. Mtoto wa kike amsimulie baba kilichomliza? Yule kafunzwa, mwanangu!"

"Lakini baba, atajuaje kwamba unampenda?"

Bwanaheri akacheka sana.

Walipofika njiapanda ya Mbegani mvua ilikuwa ikimwagika. Bwanaheri akashuka na kikapu chake. Ashatu alisimama kituoni na mwavuli, sketi ya shule imemlowa chapachapa. Akatoa shikamoo, akapokea kikapu, akamwinulia baba yake mwavuli, mwenyewe akabaki mvuani. Baba akausukumia mwavuli kwake. Ashatu akaurudisha. Baba akausukuma tena.

Kisha akageukia dirisha la basi, kifua mbele. "Umeona?"

"Nimeona, baba," akasema Jasmin. "Zaidi ya shikamoo, hamjasemezana hata neno."

"Hayo ndiyo malezi!" akapaza sauti Bwanaheri, bega moja limelowa, na basi likaondoka.