Ndege ya Bangwe Iliyoniponza

Asalaam aleikum, akina mama. Na ninyi wa kanisani, Bwana asifiwe. Wakubwa zangu, shikamooni. Msinipigie makofi bado. Hamjui ninachotaka kusema, na wengine mkishakisikia mtatamani kuyarudisha makofi yenu.

Mwenyekiti wa kikundi chetu amesema kila anayesimama aeleze alivyoanguka na alivyoinuka. Aliyenitangulia ameeleza ugonjwa wa mguu, tumelia wote. Mimi niliugua wivu. Cheka tu, dada, cheka. Wivu wa kukosa usingizi, wa kuchungulia studio ya mwenzio kupitia pazia, wa kutazama viatu mlangoni kwake kujua nani kaingia. Sitamtaja mtu jina. Baadhi yao wamo humu humu, na naona mmeshaanza kugeuza shingo. Tulieni, nitazameni mimi.

Mnanijua, kazi yangu ni kupiga picha. Hapa Ujiji binti akikaribia kuolewa alikuwa lazima apite kwangu. Nyuma namwekea pazia langu la maporomoko ya maji, pembeni maua ya plastiki, namwambia aweke mkono kiunoni, basi, kwao wanafurahi. Hakuna aliyelalamika miaka yote hiyo. Halafu akafungua studio binti mmoja ng'ambo ya barabara, usoni pangu kabisa. Mdogo kwangu sana. Ana kamera, ana kompyuta moja, na akaja na ndege.

Nasema ndege za kupanda watu, zile za zamani za pangaboi, bati linang'aa kama sufuria mpya. Hakuwa na ndege, ndugu zangu! Ilikuwa kwenye kompyuta. Unakwenda pale na gauni lako jekundu na miwani ya jua, anakupiga mbele ya kitambaa cha kijani, ukirudi unajikuta umeegemea bawa, mtandio unapepea, utadhani rubani mwenyewe anakusubiri wewe ndiyo aondoke. Watu ambao safari yao kubwa ni treni wakawa wote wana picha na ndege. Mabinti wakapagawa. Hata wale niliowapiga picha tangu wakiwa na siku arobaini wakavuka barabara.

Nawaambia ukweli, nilimchukia hadi kicheko chake. Akicheka kule, mimi huku nafunga dirisha. Mteja akiniuliza njia ya kwenda kwake, namwambia leo hayupo. Nikaanza kusema sokoni kwamba yule ni mgeni, anawadanganya watoto wetu kwa kompyuta. Mgeni! Wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo, lakini yeye kazaliwa hapa hapa, katika wodi ile ile niliyozalia wanangu. Nililijua hilo na nikasema vilevile. Wivu hauna haya.

Sasa, nikajiambia, ngoja. Yeye ana ndege ya uongo, mimi nitatafuta ya kweli.

Na ilikuwepo. Kule Bangwe, ukingoni mwa ziwa, kuna tajiri mmoja aliyenunua gofu la ndege kuukuu akitaka kuligeuza mgahawa. Mambo yakamkwamia, ndege ikabaki kwenye majani, mapanga yake mbele, magurudumu yamelala. Nikaomba ruhusa, nikapewa. Nilirudi nyumbani natabasamu peke yangu barabarani. Nikapachika tangazo mlangoni, herufi kubwa, likitazama kwake: NDEGE YA KWELI.

Mteja wa kwanza nikampeleka. Jua lilikuwa la mchana, kali, ndege imechubuka rangi, nyuma mlinzi kaanika nguo zake. Nikapiga nilivyojua. Mnajua yule mteja aliniambia nini alipoziona picha? "Mama, mbona ndege yako kama ya maboksi? Ya yule wa ng'ambo ndiyo inaonekana ya kweli."

Yesu na Maria! Mimi nimemsimamisha mtu kwenye bati lenyewe, kalishika kwa mkono wake, likamuunguza! Yule mwingine kamsimamisha kwenye kitambaa. Halafu ya kwangu ndiyo ya maboksi. Siku ile sikula.

Basi, dada yangu wa tumbo moja akawa anamuoza binti yake. Ukumbi umeshapatikana kwa ajili ya sendofu ya kumuaga, kinachobaki ni ile picha kubwa ya kusimamishwa mlangoni, ambayo kila mgeni anaipita akiingia. Mnaijua ilivyo. Chakula kinaweza kupungua, muziki unaweza kukatika, lakini picha ya mlangoni ikiwa mbaya mtaa mzima utaisimulia. Binti akasema taratibu, kwa hofu, "Mama mdogo, nilikuwa nataka nipigwe pale ng'ambo."

Nikamwambia, "Mimi nikiwa hai? Nilikubeba mgongoni, leo ukapigwe picha na mgeni?" Dada akamtazama mwanawe, akasema, "Muache mama yako mdogo akupige." Alisema hivyo kunistahi mimi.

Tukaenda Bangwe asubuhi, yeye, mimi na gauni. Kapambwa uso, kabandikwa kope, mashallah, kapendeza hadi mlinzi aliacha kufagia. Safari hii nilikuwa nimeiwahi nuru, ziwa limetulia. Nikapiga picha chache kasimama karibu na bawa, zikatoka nzuri. Ningeishia pale, leo nisingekuwa na la kuwaambia.

Nikainua macho, nikamwona. Yule binti wa ng'ambo, kwenye uzio, na kamera yake shingoni.

Damu ikanipanda. Nikasema, kaja kunipeleleza! Kaja kuiba na hii! Basi nikataka kumwonyesha kile ambacho kompyuta yake haikiwezi. Nikamwambia mwanangu, "Panda. Ingia ndani kabisa, kaa kwa rubani, toa uso dirishani."

Mlinzi akaacha fagio. "Yewe mama, ngoja kwanza! Mle sijatia moshi." Yule mzee kila watu wanapotaka kuingia mle huwasha makapi ya chikichi kwenye kopo, huliingiza kopo ndani, akangoja hadi nyigu watoke. Hiyo ndiyo kazi yake na anaijua. Aliniambia waziwazi, nyigu. Nikamjibu, "Mzee, moshi utamharibia mekapu." Lakini sikujali mekapu, akina mama. Nilijali kwamba yule kwenye uzio ananitazama, na mimi nisingesubiri kopo la moshi mbele yake.

Mwanangu akavuta kimlango. Sikusikia hata mlio wake, nilisikia nyigu.

Walimjaa usoni. Alipiga ukelele, akaruka chini na gauni lile lote, mtandio umenasa kwenye mlango. Mimi nikakimbilia kumpangusa, nikafungua mdomo kuita msaada, na wenyewe wakaona mdomo uko wazi. Mlinzi anarusha vumbi, mimi nazunguka kama kuku. Aliyeruka uzio ni nani? Yule yule. Alivua kitenge chake akamfunika mwanangu kichwa, akamshika kiuno, akakimbia naye moja kwa moja ziwani, wakazama hadi shingoni, gauni linaelea. Kamera yake aliitupa kwenye majani bila kuangalia ilipoangukia. Kisha akasimamisha bodaboda, akampakia, wakaenda zahanati wameloa. Mimi nikafuata na nyingine, mdomo umevimba, midomo yote miwili. Kwa mtu aliyeyasema niliyoyasema sokoni, naona Mungu alichagua mahali vizuri.

Daktari akasema hatakufa, lakini uvimbe hautaisha wote kabla ya sherehe. Jicho moja limefunga. Dada yangu alipofika, akamtazama mwanawe, akanitazama mimi. Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alisema, "Picha iwepo isiwepo, mimi sijali tena. Ila wewe mlangoni kwangu usije." Kisha akanigeuzia mgongo akamshika mwanawe mkono.

Ndugu zangu, sisi tumebaki wawili tu kwa mama yetu. Sherehe ya mwana wa dada yangu, mimi niisikie kwa majirani? Nilirudi dukani kwangu, nikakaa chini ya tangazo langu la NDEGE YA KWELI, nikalia hadi mdomo ukauma zaidi.

Halafu nikavuka barabara.

Ile barabara siyo pana, mnaijua. Siku ile ilikuwa pana. Nilisimama mlangoni kwake na kadi ya kamera mkononi, na maneno niliyoyapanga yote yakagoma kutoka, midomo ilikuwa kama maandazi. Nikasema "mm". Akanitazama. Nilijiandaa anicheke, hata ningemlaumu vipi? Akasema, "Dada, karibu ukae. Mtoto anaendeleaje?" Akaichukua kadi mkononi mwangu bila kuniuliza ni ya nini.

Akazifungua zile picha chache nilizopiga kabla mwanangu hajapanda. Akasema, "Hizi ni nzuri. Nuru umeipata. Tatizo ni nguo za mzee na hii ndege ilivyochubuka." Kisha akafungua picha zake. Ndege ya Bangwe! Ya asubuhi, ya mchana, ya jioni, ya mvua, mbele, nyuma, kila upande. Ndege zote alizowawekea watu zilikuwa ile ile moja, kaisafisha kutu kidogo kidogo kwenye kompyuta. Alikuwa akienda pale tangu kabla mimi sijajua kama ipo. Siku ile kwenye uzio alikwenda kazini kwake. Mpelelezi nilikuwa mimi.

Nilikaa pembeni yake nikimwangalia anavyofanya. Alitafuta ndege ya asubuhi, jua la upande ule ule kama la kwangu. Akampaka mwanangu kivuli chini ya miguu, taratibu, akasema, "Wengi wanamweka mtu wanasahau kivuli, ndiyo unaona anaelea." Akaacha kutu kidogo kwenye bawa kwa makusudi, kwa sababu ndege ya zamani isiyo na kutu macho yanaikataa. Niliona wivu, akina mama! Pale pale, nimeenda kuomba msaada na mdomo wangu wa maandazi, moyo unachoma: mbona huyu anajua hivi na mimi sijui?

Akaja usoni. Akalainisha ngozi, akafuta chunusi, akafuta na kovu la kwenye nyusi. Nikamshika mkono. "Mm! Mm!" Nikajigusa nyusi yangu. Akasema, "Pole, na hapo wamekuuma?" Nikatikisa kichwa, nikakamata kalamu nikaandika kwenye karatasi: kovu lirudi. Mwanangu yule alianguka kwenye ngazi akiwa anajifunza kutembea, nilikuwepo mimi, nilimzuia damu kwa mtandio wangu. Uso wake bila lile kovu ni uso wa mtu mwingine. Akalirudisha. Akaegemea nyuma, akaitazama picha, akasema, "Kweli. Sasa ni yeye. Mimi nisingejua."

Siku ya sendofu niliibeba ile picha hadi ukumbini, yeye kashika upande mmoja, mimi mwingine. Tukaisimamisha mlangoni. Nikataka kuondoka kabla dada hajanikuta, lakini alikuwa ameshatoka. Akasimama mbele ya picha. Akasogea, akaweka kidole kwenye nyusi. "Na kovu lake lipo," akasema. Machozi yakamshuka. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Nani kafanya hii?"

Sasa sikilizeni hapa. Yule binti alikaa kimya. Aliniachia. Picha nilipiga mimi, kovu nimelirudisha mimi, ningesema "ni mimi" na isingekuwa uongo wote. Dada yangu angenifungulia mlango, na yule mwenzangu angerudi zake ng'ambo. Wivu ukaniambia, sema. Ulinisukuma hasa. Mdomo ulikuwa umepungua uvimbe, naweza kusema chochote ninachotaka.

Nikasema, "Ni huyu. Mimi nilipiga tu. Huyu ndiye aliyemtoa mwanao kwenye nyigu, na huyu ndiye aliyeifanya picha." Iliniuma kuliko wale nyigu, siwafichi. Dada akamkumbatia yeye kwanza, akamkumbatia sana, mimi nimesimama kama nguzo. Kisha akanigeukia. "Na wewe ingia," akasema, "mdomo wenyewe huo, utakula nini?" Nikaingia.

Basi, ndugu zangu, nawashukuru. Namshukuru dada yangu, yule mzee wa Bangwe niliyempuuza, na mwanangu ambaye sasa yuko kwake na jicho lake zima. Mwenzangu wa ng'ambo ya barabara namshukuru kwa kitenge chake na kamera yake, iliyopata mkwaruzo kwa ajili yetu. Mnataka niwaambie wivu umeisha? Haujaisha. Juzi nimeona mabinti wamejaa kwake, nikajikuta nahesabu viatu mlangoni. Ila siku hizi sifungi dirisha. Navuka, namwambia, "Mdogo wangu, leo nakuonea wivu." Anacheka, ananivutia kiti, ananionyesha anachofanya. Somo langu ni hilo tu: wivu ukikushika, upeleke kwa unayemwonea mwenyewe, usiupeleke sokoni.

La mwisho, halafu nikae. Leo tunapiga picha ya kikundi, na kama mlivyoona, nimekuja na kamera. Nimewapiga picha hii kila mwaka, na mimi simo hata katika moja, kwa sababu sikutaka mtu mwingine ashike kamera mbele yenu. Leo naomba nikae mstari wa mbele. Wewe mama, nisogelee kidogo, nafasi ipo. Mdogo wangu, inuka huko nyuma, wameshakuona tayari. Shika hii, njoo usimame hapa nilipo. Na kwenye kompyuta tumbo langu usiliguse, liache kama lilivyo.